Kabla ya Kushuka Pangani, Tazama Mwezi

Idd el Fitr hufuata kuandama kwa mwezi, na bahari nayo inaufuata mwezi huo huo. Ndiyo maana kila mwaka siku ya Idd na zile mbili tatu zinazofuata huangukia kwenye bamvua, yaani siku ambazo maji hukupwa mbali mno na kujaa juu mno. Familia ya Handeni au Korogwe inayoswali, ikanywa chai, ikapanda Coaster saa tatu asubuhi, itafika ufukweni saa tano hivi na kukuta maji yametoka. Mchanga mtupu, vidimbwi kila mahali, watoto wanakimbilia mbele kuyafuata maji. Hakuna anayewaambia kwamba saa hiyo hiyo maji yamekwishageuka, na kwamba kati ya saa saba na saa tisa yataingia kwa kasi, yakianza na yale mabonde ya mchanga yaliyo nyuma yao.

Mwongozo huu ni kwa sisi tusiolelewa pwani. Mkoa wetu ni Tanga, na asiyetujua hudhani tumezaliwa tukiogelea. Kumbe mtoto wa Chanika au Mkata, kule Handeni, ameyajua maji kwenye dumu kabla hajayaona mahali pengine popote, na wa Korogwe ameonywa mtoni asisogee. Tukifika baharini tunakuwa na vitu viwili vinavyozama pamoja: furaha nyingi na maarifa kidogo. Lakini maarifa mengi yanayohitajika unaweza kuyapata ukiwa bado nyumbani kwako, bila simu ya kisasa.

Hesabu ya mwezi

Bahari ya pwani yetu hujaa mara mbili na kukupwa mara mbili kila siku. Kutoka kujaa hadi kukupwa ni saa sita na ushei, na kila siku saa ya kujaa husogea mbele kwa dakika 50 hivi. Mwezi ukiandama, au ukiwa mpevu, bamvua huingia: maji hujaa saa kumi hadi kumi na moja, alfajiri na tena jioni, na hukupwa saa nne hadi saa tano, asubuhi na usiku. Tofauti ya kimo kati ya kujaa na kukupwa inaweza kukaribia mita 4. Hapo uliposimama asubuhi miguu mikavu, jioni hata mrefu wa ukoo wenu hafikii chini.

Mwezi ukifika siku ya saba au ya nane, na tena siku ya ishirini na mbili hivi, mambo yanageuka. Hayo huitwa maji mafu. Maji hujaa saa nne hivi za asubuhi, hukupwa alasiri, na tofauti yake ni ndogo. Kwa mtu anayejifunza kuogelea au mwenye watoto wadogo, siku za maji mafu ndizo zake. Bahari haikimbii, haivamii, na mikondo inapungua nguvu.

Sasa chukua kalenda. Idd el Hajj ni mwezi kumi Mfunguo Tatu, kwa hiyo huja mara tu baada ya maji mafu. Asubuhi yake kuelekea adhuhuri maji yamejaa kiasi, na ni siku njema kuliko Idd ya kwanza. Maulidi ni mwezi kumi na mbili, bamvua linakaribia. Pasaka hupangwa kwa kufuata mwezi mpevu, basi Ijumaa Kuu mara nyingi huangukia kwenye bamvua au karibu nalo. Krismasi, Mwaka Mpya, Saba Saba na Nane Nane hazina habari na mwezi. Hizo itabidi utoke nje usiku uliotangulia ukaangalie juu.

Kuna hesabu nyingine ndogo ambayo wavuvi wanayo vichwani. Maji hayaingii kwa mwendo mmoja. Saa ya kwanza huja kidogo tu, hata usitambue. Saa ya tatu na ya nne ndizo zenye kazi: katika saa hizo mbili pekee huingia karibu nusu ya maji yote. Watu wengi hunaswa kwenye fungu la mchanga kwa sababu wamepima hatari kwa ile saa ya kwanza. Ukiwaona akina mama waliokwenda kuokota chaza na kombe wanaanza kurudi na vikapu vyao, nawe rudi. Usiulize kwa nini.

Mto unaoujua

Mtu wa Korogwe ana kipimo cha pili, nacho kiko darajani. Mto Pangani, ambao wengine bado tunauita Ruvu, hushuka kutoka Kilimanjaro na Meru, ukapita Nyumba ya Mungu, ukapita Korogwe na Hale, ukamwaga maji yake Pangani mjini. Hata Handeni haiko mbali nao: maji ya mradi mkubwa wa bomba wa Handeni huvutwa kutoka mto huo huo, upande wa Korogwe. Kwa hiyo ukipita darajani ukaona maji yamepanda, yana tope na yanasukuma magogo, jua kwamba bahari ya Pangani mjini nayo itakuwa na tope hilo. Safari ahirisha, au elekea Tanga mjini.

Maji ya tope si suala la uchafu tu. Huoni kina, huoni jiwe, na mtoto akizama hatua mbili kutoka ulipo humwoni. Zaidi ya hayo, mto Pangani una mamba. Usiogelee mtoni, usioge mdomoni mwake, na usijaribu kuvuka kwa kuogelea kati ya Pangani na Bweni hata vijana wa pale wakikutania. Bamvua linapokupwa, maji ya mto na maji ya bahari hutoka pamoja kwa nguvu kupitia mlango ule mmoja. Pale ni mahali pa vyombo, si pa watu.

Kuhusu majira, maneno machache yatosha. Kaskazi, kuanzia kama Desemba hadi Machi, ndiyo bahari ya kuchezea: maji ya vuguvugu, na mara nyingi unaona hadi chini. Masika hufuata na tope lake. Kusi huvuma kwa nguvu Juni na Julai, na hapo ndipo shule hufunga na watu hupanga ziara. Ukilazimika kwenda Juni, nenda, lakini iwe kuoga karibu na ufukwe na kucheza mpira mchangani. Habari za boti ziache. Mamlaka ya Hali ya Hewa, TMA, hutoa tahadhari za upepo mkali na mawimbi makubwa, na huitaja mikoa kwa majina. Ukisikia Tanga imetajwa redioni, haikutajwa kwa heshima.

Mahali pa kuogea

Tanga mjini, Raskazone ndipo pazuri pa kuanzia. Kuna vilabu vya kuogelea vyenye ngazi, mahali pa kubadilishia nguo na watu wa kukuona ukipata shida. Kiingilio hulipwa, na ni pesa iliyotumika vizuri. Njoo maji yamejaa, kwa sababu yakikupwa utakutana na mawe na matope. Ngazi zenyewe angalia: zile za chini zina ukungu wa kijani unaoteleza, na watu huumia hapo kabla hawajalowa. Usipige mbizi ya kichwa kwa kuwa umemwona kijana wa pale akipiga. Yeye anajua leo maji yamefika ngazi ya ngapi.

Kuelekea kusini, kupitia Mwambani na Kigombe hadi Pangani, uko ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Silikanti, iliyoanzishwa mwaka 2009 baada ya samaki huyo wa kale kuanza kunaswa kwenye nyavu za wavuvi wa Tanga. Kwa mgeni maana yake ni moja: matumbawe hayavunjwi wala hayakanyagwi, na kombe zilizo hai haziokotwi. Sheria imelenga kuwalinda viumbe, lakini inakulinda na wewe, kwani jeraha la tumbawe huchelewa kupona na baadhi ya konokono wa bahari wenye gamba la kupendeza wana sumu inayoweza kuua.

Ushongo, kusini ya Pangani baada ya kuvuka mto, ndipo penye mchanga mpana na minazi. Ni ufukwe ambao ningempeleka mama yangu. Mchanga unashuka taratibu, na huhitaji kwenda mbali kupata maji ya kifuani. Usilaze mtoto chini ya mnazi tu. Nazi haipigi hodi.

Kutoka Ushongo au Pangani ndipo watu huenda Maziwe. Wazee wanakikumbuka kikiwa kisiwa chenye mivinje, ambako kasa walipanda kwa wingi kutaga. Leo miti hakuna hata mmoja. Kimebaki fungu la mchanga mweupe katikati ya bahari, lenye matumbawe pembeni, na bamvua likijaa fungu lenyewe hufunikwa. Ni eneo tengefu la bahari na lina ada yake. Kwa kuvaa miwani na mrija ukaangalia samaki, sijui pengine katika mkoa wetu panapolingana napo. Lakini safari ya Maziwe ni safari ya saa. Unatoka asubuhi maji yakikupwa, unaoga, unapiga picha, unaondoka kabla mchanga haujaanza kupungua. Kivuli hakuna, maji ya kunywa hakuna. Nahodha akisema tuondoke, jibu ni moja: haya.

Juu ya chombo

Kabla hujalipa, hesabu majaketi ya kujiokolea, kisha hesabu watu. Namba zikipishana, usipande. Jaketi livaliwe mkiwa bado ufukweni, na la mtoto liwe la mtoto. La mtu mzima litampita kichwani na kumwacha majini. Ngalawa, kwa zile ndubi zake mbili, haipinduki kirahisi, lakini inabeba watu wachache, na kumi na watano waliovaa sare za ziara si wachache. Meli ya Spice Islander iliyozama kati ya Unguja na Pemba usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 ilikuwa imebeba watu kupita kiasi. Kama meli haikuhimili, mashua itahimili vipi? Muulize nahodha kama chombo kimekaguliwa na kina leseni. Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania, TASAC, ndilo lenye jukumu hilo. Asiyependa kuulizwa amekwishajibu.

Ukitaka kuzamia kwa mtungi wa hewa, hilo halina mkato. Tafuta kituo chenye mwalimu mwenye cheti, na mwambie ukweli kuhusu pumu, presha na mimba.

Dumu tupu

Hapa ndipo mtu wa Handeni ana mtaji asioujua. Dumu la lita 5, likiwa tupu na kifuniko kimekaza, litakuinua majini kwa nguvu ya kilo tano hivi. Hiyo yatosha kumweka mtu mzima kichwa juu, mradi atulie. Kata kipande cha nailoni, kiweke mdomoni mwa dumu kabla ya kufunga, kama ufanyavyo ukibeba mafuta ya kula, hewa isitoke. Funga mkononi mwa dumu kamba ya mita kumi na tano. Kifaa hicho cha bei ya soda mbili kiwe mchangani karibu na anayewalinda watoto, kisiwe kwenye buti ya gari. Hakichukui nafasi ya jaketi ndani ya boti, lakini ufukweni kinaokoa.

Dumu hilo hilo ni mwalimu. Nungwi, Unguja, mradi wa Panje umewafundisha watoto kuogelea kwa madumu matupu, na wasichana wakaogelea na nguo zao za stara. Nenda siku ya maji mafu, simama maji ya kiunoni, mwenzako akiwa pembeni. Likumbatie dumu kifuani, lala chali, masikio yazame, tumbo liinue, pumua polepole. Kwanza utajikaza, miguu itashuka. Ukiacha kupigana nayo, bahari itakubeba, kwa kuwa chumvi inasaidia. Ukijua kuelea chali kwa dakika tano umejua jambo kubwa kuliko kupiga mikambi. Usijifunzie kwenye malambo: mengi yana kichocho, na matope ya chini hushika miguu.

Kwa akina mama: kanga ikilowa hujifunga miguuni, na dera huvuta maji. Vaa suruali nyepesi ya kubana na fulana ya mikono mirefu. Pangani ni mji wa watu wenye staha, hivyo vazi hilo litakufaa majini na barabarani pia.

Ukichukuliwa na mkondo, hasa maji yakikupwa na kutoka kwenye mlango wa miamba, usishindane nao kurudi moja kwa moja ufukweni. Lala chali, inua mkono, acha ukupeleke, kisha toka kwa ubavu, sambamba na ufukwe, hadi uhisi nguvu imeisha. Watu wengi hawauawi na mkondo, huuawa na kuchoka.

Vinavyochoma

Vaa yeboyebo zenye mkanda nyuma. Kandambili zitakwenda na wimbi la kwanza. Wale viumbe weusi wa duara wenye miiba mirefu hukaa kwenye mawe na nyasi za bahari. Ukiwakanyaga, toa miiba inayoonekana na loweka mguu kwenye maji ya moto. Wavuvi hupaka utomvu wa papai. Samaki aitwaye taa hulala chini ya mchanga, basi tembea kwa kuburuta nyayo, naye atakimbia mwenyewe. Akikuchoma yeye, au yule samaki anayefanana kabisa na jiwe, loweka kwenye maji ya moto kadiri unavyoweza kuvumilia bila kuungua, nusu saa hadi saa moja na nusu, huku mkielekea hospitali. Konyeza akikuchoma, usisugue wala usimwagie maji baridi ya bomba. Mwagia siki, toa nyuzi zake kwa kijiti. Kumbe chupa ya siki na chupa ya chai yenye maji ya moto ni duka la dawa la ufukweni.

Jua la kuanzia saa tano hadi saa tisa lipisheni. Kunyweni maji hata kama mmezungukwa na maji. Na bia, kama ni lazima, iwe baada ya kuoga. Mlevi baharini hana ujanja, na anayemlinda mtoto akiwa na chupa mkononi hamlindi.

Akizama mtu

Tunatarajia anayezama apige kelele na kurusha mikono. Mara nyingi hapigi kelele. Mtoto anayezama hunyamaza: kichwa kimeinama nyuma, mdomo uko sawa na maji, unazama na kuibuka, macho yamekodoa hayaangalii kitu, mikono inabonyeza maji pembeni kama anayetaka kupanda ngazi. Yote yanaweza kuisha kabla hujamaliza kujibu simu. Ndiyo maana kila watoto wachache wawe na mtu mzima mmoja ambaye kazi yake saa hiyo ni kuangalia tu, na abadilishwe kila nusu saa.

Usimrukie kama hujui kuogelea. Atakukumbatia mzame wote. Mrushie dumu, shika kamba, vuta. Akitoka hapumui, usimning'inize miguu juu wala usimkamue tumbo, maji hayatolewi hivyo. Mlaze chali mahali pagumu, inua kidevu, ziba pua, mpulizie pumzi mbili hadi tano mdomoni. Kisha bonyeza katikati ya kifua kwa nguvu na haraka mara 30, pumzi 2, endelea hivyo bila kukata tamaa. Mwingine apige 114, Zimamoto na Uokoaji, au 112. Pangani kuna hospitali ya wilaya, Tanga mjini kuna Bombo. Hata akizinduka na kusema hajambo, apelekwe, kwa sababu mapafu yaliyoingia maji yanaweza kuleta shida saa kadhaa baadaye.

Walimu wa Handeni na Korogwe, viongozi wa kwaya na wa madrasa: ninyi ndio mnaotushushia watoto pwani kwa mamia kila likizo. Barua ya ziara mnayotuma kwa wazazi huwa na saa ya kuondoka, saa ya kurudi na kiasi cha nauli. Ongezeni mistari miwili: siku hiyo maji yatajaa saa ngapi, na ni nani kati ya wasimamizi anayejua kuogelea. Kama mstari wa pili hauna jina la kuandika, wapelekeni watoto Amboni wakaone mapango.